Tone la Oili Chini ya Bodaboda: Hasara Isiyo na Mwenyewe

Pikipiki zinapoondoka kijiweni asubuhi kuwahi abiria wa kwanza, huacha ardhini alama ambayo watu wengi wameizoea kiasi cha kutoiona tena. Ni madoa meusi ya oili, makubwa kwa madogo, yaliyodondoka katika dakika chache za kusubiri zamu. Kwa mpita njia huo ni uchafu wa kawaida wa kijiwe. Kwa anayeijua injini, kila doa ni taarifa kwamba mahali fulani gasketi imechoka, sili imekatika au bolti imekula meno, na mtaji wa mtu unavuja kidogo kidogo kuelekea mtaroni.

Tangu Serikali ilipotunga Kanuni za Leseni za Usafirishaji za pikipiki na bajaji mwaka 2010, usafiri huu umekuwa sehemu rasmi ya uchumi wa Tanzania. Bodaboda humfikisha mgonjwa zahanati, mwanafunzi shuleni na mkulima sokoni, hasa pale ambapo daladala haifiki. Mjadala wa umma kuhusu sekta hii umejikita zaidi katika kofia ngumu, mwendokasi na leseni, na ni haki iwe hivyo, kwa kuwa masuala hayo yanagusa uhai moja kwa moja. Hata hivyo, hali ya chombo chenyewe imebaki nyuma ya mjadala huo, na uvujaji wa oili ni mfano wake ulio wazi zaidi. Ni ubovu unaoonekana na wote, unaotibika kwa gharama ndogo, lakini unaoachwa hadi uue injini.

Lita moja yenye kazi tatu

Ili kuelewa uzito wa suala hili, ni vema kuanza na kiasi cha oili kilichomo ndani ya injini. Pikipiki nyingi zinazobeba abiria nchini zina injini ya silinda moja, yenye ujazo wa kati ya sentimita za ujazo 100 na 150, inayopozwa kwa hewa. Injini ya aina hiyo hubeba takriban lita 1 tu ya oili. Lita hiyo hulainisha pistoni na shafti, huhudumia gia, na huihudumia klachi, kwa sababu sehemu zote hizo hukaa ndani ya kasha moja. Aidha, kwa kuwa injini haina maji ya kupoza, oili hubeba sehemu ya mzigo wa kuondoa joto.

Hesabu nyepesi inatosha kuonesha hatari iliyopo. Tone 1 la oili ni takriban sehemu ya ishirini ya mililita. Pikipiki inayodondosha tone 1 kila dakika, kwa saa 10 za kazi, hupoteza matone 600, yaani takriban mililita 30 kwa siku. Baada ya siku 10, mililita 300 zimekwenda. Kwa gari dogo lenye lita 4 za oili, upungufu huo haufiki hata sehemu ya kumi. Kwa pikipiki yenye lita 1, ni karibu theluthi ya oili yote.

Jambo linalozidisha hatari ni kwamba pikipiki nyingi ndogo hazina taa ya kumwonya dereva kwamba oili imepungua. Onyo pekee ni kijiti cha kupimia au kioo kidogo ubavuni mwa injini, na vyote viwili vinamtaka mtu ainame kutazama. Asiyeinama hupata onyo lake la kwanza kwa mlio wa chuma kikisagana na chuma, na hapo huwa amechelewa. Gasketi iliyoweza kubadilishwa kwa muda mfupi inakuwa imezaa kazi ya kufungua injini nzima, kuchonga silinda na kubadili pistoni.

Hesabu, mkataba na ubovu usio na mwenyewe

Kwa nini basi ubovu unaoonekana na kila mtu uachwe? Sehemu kubwa ya jibu imo katika namna biashara yenyewe ilivyopangwa.

Madereva wengi hawaendeshi pikipiki zao. Baadhi yao hupeleka hesabu ya kila siku kwa mmiliki, na kinachobaki ndicho kipato chao. Wengine wako katika mkataba, ambapo dereva hulipa kiasi cha kila siku au kila wiki kwa kipindi walichokubaliana, na mwisho wake pikipiki huwa yake. Katika mpango wa hesabu, mazoea ni kwamba matengenezo madogo humwangukia dereva na makubwa humwangukia mmiliki. Uvujaji wa oili huanza ukiwa mdogo na kuishia ukiwa mkubwa. Dereva hana sababu ya kutumia fedha yake kubadili sili kwenye chombo kisicho chake, ilhali kuongeza oili kidogo kila siku chache humwezesha kuendelea na kazi. Mmiliki naye haoni tone, kwa kuwa yeye huona hesabu, na hesabu inafika kila jioni. Siku injini inapokwama, kila mmoja humwona mwenzake kuwa mzembe.

Katika mpango wa mkataba, hasara humwelemea dereva peke yake. Injini ikifa katikati ya mkataba, deni halifi nayo. Pikipiki hulala gereji kwa siku kadhaa, malipo hurundikana, na yapo makubaliano yanayomruhusu mmiliki kuitwaa pikipiki pale malipo yanapochelewa. Kijana aliyelipa kwa miezi mingi anaweza kupoteza kila kitu kwa sababu ya kipande cha mpira chenye ukubwa wa sarafu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika biashara hii anayejenga ukuta mara nyingi si yule aliyeuacha ufa.

Chanzo kwanza, tiba baadaye

Upande wa ufundi nao una mchango wake. Kosa lililozoeleka ni kutibu mahali oili inapodondokea badala ya mahali inapotokea. Oili inayovuja hushuka kwa uzito wake na kusukumwa nyuma na upepo wa mwendo. Uvujaji wa kifuniko cha valvu kilicho juu ya injini unaweza kudondoka chini ya kasha, na fundi mwenye haraka akaishia kubadili washa ya bolti ya kumwagia oili isiyo na kosa lolote.

Njia sahihi haihitaji mitambo ya gharama. Injini husafishwa kwanza kwa sabuni ya kuondoa grisi na kukaushwa kabisa. Kisha maeneo yanayotiliwa shaka hunyunyizwa poda ya kawaida, na injini huwashwa kwa dakika kadhaa. Oili mpya huchora njia yake juu ya poda. Fundi huifuata njia hiyo kuelekea juu na mbele hadi pale unyevu unapoanzia, kwa kuwa hapo ndipo palipo na chanzo.

Vyanzo vyenyewe si vingi. Chini kabisa ipo bolti ya kumwagia oili pamoja na washa yake. Ubavuni zipo gasketi za kifuniko cha klachi na cha sumaku. Juu zipo gasketi za kichwa cha silinda na za kifuniko cha valvu. Zipo pia sili za mpira zinazozunguka shafti zinazotokeza nje ya kasha, yaani shafti ya gia, shafti ya kiki na shafti inayobeba sproketi ya mbele. Sili ya sproketi hustahili uangalizi wa pekee, kwa kuwa vumbi na mchanga unaoletwa na cheni huikwangua kila siku, na oili inayotoka hapo hurushwa kuelekea gurudumu la nyuma.

Mara nyingine gasketi na sili zote ni nzima na bado oili inatoka. Hapo fundi makini hutazama mpira wa kupumulia, ule unaotoa hewa ndani ya kasha la injini. Ukiziba kwa tope au ukikunjwa wakati wa matengenezo, mgandamizo hupanda ndani na kuisukuma oili ipite penye udhaifu. Kujaza oili kupita kiwango huleta matokeo yanayofanana na hayo. Vilevile kabureta inayovujisha petroli kuelekea ndani ya injini huifanya oili iongezeke ujazo na kuwa nyepesi. Dereva anayeona oili yake imeongezeka bila yeye kuiongeza, tena inanuka petroli, hapaswi kufurahi. Anapaswa kusimama na kumwita fundi.

Ipo pia oili inayopungua bila kuacha doa lolote chini. Hiyo haivuji, bali huungua ndani ya silinda kutokana na uchakavu wa ringi au sili za valvu, na dalili yake ni moshi wa rangi ya buluu. Kuitofautisha mapema humwepusha mwenye chombo kulipia gasketi asizozihitaji.

Mkono wa fundi

Baada ya chanzo kujulikana, ubora wa kazi huamua kama tatizo litarudi baada ya wiki. Makosa matatu yamezoeleka katika gereji za mitaani.

La kwanza ni kukwangua gasketi ya zamani kwa bisibisi au patasi. Kasha la injini ni la aluminiamu, madini laini, na mkwaruzo mmoja unaovuka uso wa kifuniko huwa mfereji mpya wa oili. La pili ni kupaka silikoni nyingi badala ya gasketi kwa imani kwamba wingi ndio uimara. Silikoni inayozidi hubanwa kuelekea ndani, hukatika vipande, na vipande hivyo huweza kuziba chujio la pampu ya oili. Uvujaji unakuwa umezibwa kwa nje, huku injini ikinyimwa oili kwa ndani.

La tatu ni kukaza bolti kwa nguvu za mkono bila kipimo. Bolti za kipenyo cha milimita 6, ambazo ndizo nyingi kwenye vifuniko vya injini ndogo, kwa kawaida huhitaji nguvu ya nyutonimita 10 hadi 12 tu. Mkono wenye spana ndefu hupita kiwango hicho bila kujua, na meno yaliyochongwa kwenye aluminiamu hung'oka. Tangu hapo bolti haishiki tena, na kila fundi anayefuata huongeza silikoni kuficha aibu ya aliyemtangulia. Spana ya kupimia nguvu ya kukaza ndicho kifaa kinachozuia kosa hilo, nacho hakipatikani katika gereji nyingi ndogo. Bolti za kifuniko hukazwa kwa hatua na kwa mtindo wa msalaba, ili kifuniko kikae sawasawa pande zote. Pale meno yanapokuwa yamekwisha kung'oka, tiba ya kudumu ni kutoboa upya na kuweka meno ya chuma, si kulazimisha bolti kubwa zaidi.

Funzo kutoka viwanja vya mashindano

Yupo anayeweza kusema kwamba tone la oili ni suala la mwenye pikipiki na mfuko wake. Ulimwengu wa mashindano ya pikipiki uliachana na mtazamo huo zamani.

Katika kanuni za ufundi za Shirikisho la Kimataifa la Michezo ya Pikipiki (FIM), bolti za kumwagia oili kwenye pikipiki za mbio za barabarani lazima zifungwe kwa waya wa usalama, ili zisifunguke zenyewe kutokana na mtikisiko. Bodi ya chini ya pikipiki hutengenezwa kama beseni linaloweza kushika angalau nusu ya jumla ya oili na kimiminika cha kupoza injini, endapo injini itapasuka. Mpira wa kupumulia haurusiwi kumwaga nje. Na pale oili inapomwagika njiani, waamuzi huonesha bendera ya mistari ya njano na nyekundu kuwaonya wanaokuja nyuma kwamba barabara inateleza.

Masharti hayo hayakuwekwa kuokoa injini za washindani. Yaliwekwa kwa sababu oili ya mmoja humwangusha mwingine. Ukweli huo unahusu pia barabara za Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya, isipokuwa huku hakuna wa kuonesha bendera. Oili iliyodondoka kwenye kona au mbele ya taa za kuongozea magari, ikikutana na manyunyu ya kwanza ya mvua, huwa utelezi unaomngoja dereva mwingine na abiria wake. Na ile inayofika kwenye tairi la nyuma au kwenye breki humrudia aliyeiachia.

Pikipiki ya abiria haihitaji beseni wala waya wa mashindano. Inachohitaji ni fikra iliyo nyuma ya vifaa hivyo, kwamba uvujaji ni suala la usalama wa wote.

Mtaroni hadi ziwani

Safari ya tone haiishii barabarani. Mvua huliosha hadi mtaroni, na mitaro ya mijini ina mwisho wake. Dar es Salaam, Mto Msimbazi hupokea maji ya maeneo makubwa ya jiji na kuyafikisha Bahari ya Hindi. Mwanza, Mto Mirongo hukatiza mjini na kuingia Ziwa Victoria, ambalo ndilo chanzo cha maji na samaki kwa wakazi wa mji huohuo.

Oili iliyotumika hubeba chembe za metali na mabaki ya mwako, baadhi yake yakiwa na uwezo wa kusababisha saratani. Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 unaosimamia usafirishaji wa taka hatarishi, ambao Tanzania ni mwanachama wake, unaiweka oili chakavu ya madini katika orodha ya taka zinazodhibitiwa. Wakala wa Hifadhi ya Mazingira wa Marekani umekuwa ukieleza kwamba oili inayotolewa katika badiliko moja la gari inaweza kuchafua galoni milioni 1 za maji safi. Nchini, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza uchafuzi wa mazingira, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) ndilo lenye jukumu la kusimamia utekelezaji.

Kwa mtazamo huo, mazoea ya kumwaga oili chafu nyuma ya gereji, kuitumia kutuliza vumbi au kupaka mbao dhidi ya mchwa yanastahili kuachwa. Dumu lenye mfuniko na mkusanyaji mwenye kibali ni mwanzo unaowezekana katika kila gereji.

Kinga iliyo mikononi mwa wengi

Hatua za kinga zinajulikana na si ghali. Kwa dereva, ni dakika 2 kila asubuhi za kuisimamisha pikipiki wima mahali tambarare, kupima oili kama kitabu cha mtengenezaji kinavyoelekeza, na kutazama ardhi ilipolala. Kipande cha boksi kilichotandikwa chini ya injini usiku humpa ushahidi asubuhi bila gharama yoyote. Kila oili inapobadilishwa, washa ya bolti ya kumwagia nayo ibadilishwe au ikaguliwe kwa makini. Oili yenyewe iwe ya pikipiki, kwa kuwa baadhi ya oili za magari zina viambato vinavyoweza kuifanya klachi iteleze. Ununuzi katika maduka yanayotambulika na kukagua alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) humpunguzia mnunuzi hatari ya bidhaa hafifu.

Kwa mmiliki, kinga ni kuandika. Makubaliano ya hesabu au mkataba yaseme wazi nani analipia sili na gasketi, na yaweke ukaguzi wa pamoja angalau mara moja kwa mwezi. Kipengele hicho cha sentensi mbili kinaweza kuokoa injini na pia uhusiano wa watu wawili. Vyama vya waendesha bodaboda, ambavyo tayari vina viongozi na kumbukumbu za wanachama, vina nafasi ya kuandaa mfano mmoja wa makubaliano utakaotumika kijiweni kote.

Kwa fundi, njia ya kuinua ujuzi ipo. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, pamoja na kutoa mafunzo vyuoni, huendesha urasimishaji wa ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambapo fundi aliyejifunza chini ya mwembe hupimwa, huongezewa maarifa pale anapopungukiwa na kutunukiwa cheti. Mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, inaweza kukiwezesha kikundi cha mafundi kununua kwa pamoja spana ya kupimia nguvu na vifaa vya kurekebisha meno ya bolti. Kifaa kimoja kinaweza kuhudumia mtaa mzima.

Wasimamizi wa usalama barabarani nao wanaweza kuupa uvujaji nafasi yake katika ukaguzi. Onyo lenye muda wa matengenezo, likifuatiwa na ukaguzi wa pili, lina uwezekano mkubwa zaidi wa kumfikisha dereva kwa fundi kuliko faini inayomnyima fedha ya kununulia gasketi.

Hakuna hata moja kati ya hatua hizi inayosubiri teknolojia mpya. Kinachosubiriwa ni makubaliano kwamba tone lina mwenyewe. Dereva analiona kwanza, mmiliki ana mtaji unaovuja, fundi ana mkono wa kuliziba, na mamlaka zina sheria ya kulinda barabara na maji ya wote. Mwanzo wake ni kesho asubuhi, dereva atakapoiondoa pikipiki mahali ilipolala na kutazama ardhi kabla hajatazama barabara.